Lori la Nyota Lilianza Kumisi, Mwizi Akawa Kaka Yangu

Leo hakuna stori ya nani kaachana na nani, wala nani kanunua nyumba Mbezi. Leo naandika kuhusu lori. Najua wengine mshaanza kushusha kidole mtafute posti nyingine, ila subirini kwanza, kwa sababu hili lori ni la nyota mkubwa tu hapa nchini, na dereva wake ni kaka yangu wa tumbo moja. Jina la nyota silitaji. Na msihangaike kukisia hapo chini kwenye maoni, nitafuta yote.

Tukienda shoo tunaona taa, moshi na nyota akishuka kwenye gari lenye vioo vyeusi. Hatuoni kwamba zile spika, jukwaa na jenereta vimesafiri usiku kucha kwenye Canter, dereva na utingo wake wamekula chipsi baridi njiani, na wakifika wanalala chini ya lori huku nyie mnaruka. Kaka yangu amefanya kazi hiyo miaka minne. Hajawahi kuchelewesha mzigo hata siku moja, mpaka lile lori lilipopelekwa kutengenezwa.

Ndiyo, mmesoma vizuri. Shida ilianza BAADA ya kutengenezwa.

Kabla ya hapo lori lilikuwa na tatizo la kawaida tu la uzee. Asubuhi linawaka kwa shida, linatoa moshi mweupe, halafu linatulia. Bosi akasema lipelekwe gereji moja hapa Dar, nozo zipimwe, pampu ya dizeli ifunguliwe isafishwe, filta iwekwe mpya. Kazi ikafanyika, hela ikalipwa. Lori likatoka linawaka kwa mguso mmoja, moshi umeisha. Kila mtu kafurahi.

Siku ya tatu likapakiwa mitambo kwenda Iringa, safari ya kama kilomita 500. Mpaka Morogoro lilikuwa linakwenda, ila kaka anasema kila akikanyaga mafuta kwenye kilima linashtuka, linakata, linarudi. Yaani kama mtu anayetaka kupiga chafya halafu inagoma. Mafundi na madereva wetu wanasema gari inamisi. Likiwa kwenye sailensa, yaani linaunguruma limesimama, hulijui kabisa kama lina ugonjwa. Tambarare bila haraka, safi. Ukilipa kazi, linamisi.

Wakapita Mikumi ndani ya hifadhi, ile barabara ambayo hutamani kuharibikiwa usiku, kaka anaomba Mungu. Wakafika Kitonga.

Ambao hamjawahi kupita Kitonga, ule ni mlima wenye kona za kubana, korongo upande mmoja na ukuta wa mlima upande wa pili, malori yamepangana kama siafu. Lori likamisi katikati ya kona, likazima. Sasa injini ikizima kwenye gari kama ile, usukani unakuwa mzito kama umefungiwa jiwe, na msaada wa breki unaisha ukishakanyaga mara chache tu. Nyuma kuna lori la mzigo mzito linapandisha. Utingo akaruka chini na gogo, akaliweka nyuma ya tairi. Kaka akawa anapampu kwa mkono ile pampu ndogo iliyo pembeni ya injini, likawaka, wakasogea mita mia mbili, likazima tena. Walipanda Kitonga kwa mtindo huo, gogo chini, pampu, sogea, gogo chini, pampu, sogea. Mitambo ilifika uwanjani saa tatu usiku wakati shoo ilitakiwa ianze saa mbili. Watu wakapiga kelele, wengine wakadai viingilio vyao.

Bosi hakuuliza kuhusu Kitonga. Aliuliza kuhusu risiti za mafuta.

Risiti zilikuwa kubwa kuliko safari zote za nyuma. Hiyo ni kweli, na kaka hakuificha. Lori linalomisi unaliendesha kwa gia ndogo muda mrefu, unakanyaga mafuta mpaka sakafuni, unasimama, unawasha, unaanza upya. Lazima linywe. Lakini bosi na watu wake walijumlisha hesabu yao wenyewe, kwamba mafuta yameisha haraka, gari inakosa nguvu, basi dereva kauza dizeli njiani na akajazia mafuta ya taa. Kachakachua.

Tuwe wakweli, hilo neno halikutoka hewani. Uchakachuaji upo nchini kwetu na uliwahi kuwa janga hasa. Ndiyo maana mwaka 2010 EWURA walianza utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yajulikane, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei yake isiwe kishawishi tena cha kuyachanganya na dizeli. Mafuta ya taa ni membamba, hayalainishi pampu kama dizeli inavyolainisha, ukiyazoea pampu inalika. Kwa hiyo bosi kuwa na wasiwasi, sawa. Lakini wasiwasi ni kitu kimoja, na hukumu ni kitu kingine.

Hukumu ilikuwa hivi. Lori lilirudishwa gereji ileile. Wakafungua nozo tena, wakazipima tena, wakasema ziko sawa. Likaenda kujaribiwa, likamisi. Wakarudia taiming ya pampu. Likamisi. Mwisho wakasema pampu imekufa kwa sababu ya mafuta machafu, inatakiwa nyingine, zaidi ya milioni moja. Kaka akaambiwa atakatwa laki mbili kila mwezi mpaka hiyo pampu iishe, au aache funguo mezani. Na jioni yake nyota wetu akaandika mtandaoni ile mistari mnayoijua ya "adui yako anakula sahani moja na wewe". Maelfu wakagonga moyo. Wengine mliandika chini yake "mfukuze huyo". Mlikuwa hamjui mnamfukuza nani. Alikuwa kakaa sebuleni kwetu, mtoto wake wa miaka miwili kalala mapajani, anasoma maoni yenu moja baada ya jingine.

Mimi nimeishia kidato cha nne na uandishi nimejifunza mwenyewe kwenye simu. Injini siijui. Ila kuna mzee mmoja mtaani kwetu, fundi pampu wa siku nyingi, siku hizi macho yanamsumbua kwa hiyo anakaa tu na vijana wake anawaelekeza. Nilimwendea, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza swali moja ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameuliza muda wote ule.

"Mwanangu, mara ya mwisho walishika nini?"

Nikamwambia nozo, pampu, filta.

"Na ili ufungue pampu unachomoa nini?"

Sikujua. Kaka akajibu, "Mipira ya mafuta, mzee."

"Basi ugonjwa tuutafute pale palipopita mikono. Gari ilikuwa haimisi, watu wakaifungua, ikaanza kumisi. Kwa nini unamtafuta mwizi Kitonga?"

Hapo ndipo nikapata darasa ambalo nataka niwagawie, kwa sababu wengi wenu mna ndugu mwenye daladala, trekta au lori, na hela zinaliwa kila siku kwa kutojua hiki kitu.

Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto kama gari ya petroli. Inavuta hewa, inaibana kwa nguvu mpaka inakuwa ya moto kupita kiasi, halafu nozo inapuliza dizeli kama ukungu na ile dizeli inawaka yenyewe kwa joto. Ili nozo ifunguke inahitaji presha kubwa. Tairi la gari dogo unalijaza PSI 30 hivi. Nozo za pampu za zamani kama za lori letu zinafunguka kwenye PSI 3,000 hivi, mara mia moja ya tairi lako. Sasa mafuta ukiyasukuma hayabonyei, kwa hiyo presha inafika. Upepo ukiusukuma unabonyea kama sponji. Kiputo cha upepo kikiingia kwenye njia ya mafuta, pampu inasukuma, kiputo kinabonyea, nozo haifunguki. Silinda hiyo inakosa mlo. Gari inamisi.

Upepo unaingiaje? Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Dizeli inatoka kwenye tenki kwa kuvutwa, haisukumwi. Pale kwenye upande wa kuvuta, mpira ukiwa na ufa mdogo huoni tone hata moja chini. Mafuta hayatoki nje, ni upepo ndio unaingia ndani. Ni kama kunywa soda kwa mrija uliotoboka. Soda haimwagiki, ila unavuta hewa tupu. Kwa hiyo ukimwambia fundi "angalia kama inavuja", atachungulia chini, atakuta pakavu, atakwambia hakuna kitu.

Na kwa nini inamisi mlimani tu? Kwa sababu likiwa kwenye sailensa linahitaji mafuta kidogo, linavuta polepole. Likibeba mzigo linavuta kwa nguvu, na ule ufa nao unanyonya upepo zaidi. Kaka akakumbuka kitu kingine, kwamba tenki likiwa limejaa lilikuwa linamisi kidogo, likishuka nusu linazidi. Mzee akacheka. Akasema mafuta yakishuka, kazi ya kuyavuta inaongezeka. Kile ambacho bosi alikiona ni ushahidi wa wizi, mzee alikiona ni dalili ya upepo.

Jumamosi lori likaletwa. Kaka alimwomba meneja wa bosi aje ashuhudie, na kwa kweli namshukuru yule meneja, alikuja. Mzee akawaelekeza vijana wake hatua kwa hatua, na hakuanza na kitu cha gharama.

Kwanza, mfuniko wa tenki. Ule mfuniko una tundu la kupumulia. Likiziba, mafuta yanavutwa lakini hewa haiingii kuchukua nafasi yake, gari inatembea nusu saa halafu inakosa nguvu. Ukifungua mfuniko unasikia "fsss". Wakaendesha, wakafungua. Kimya. Siyo hapo.

Pili, filta mpya. Wakaifungua kuona kama ile raba ya filta ya zamani iligandia pale juu wakafungia mpya juu yake. Inatokea sana. Raba ilikuwa moja tu. Siyo hapo.

Tatu, ile pampu ya mkono. Lori lililala usiku mzima, asubuhi ikabidi kupampu mara nyingi sana mpaka iwe ngumu. Kama njia imeziba vizuri, mafuta yanabaki palepale usiku kucha na pampu inakuwa ngumu baada ya mara chache. Ikilegea kila asubuhi, mafuta yamerudi tenki na upepo umekaa mahali pake. Mzee akatikisa kichwa, akasema tunakaribia.

Nne, wakaweka kipande cha mpira unaoonesha ndani kwenye njia ya mafuta kabla hayajafika kwenye ile pampu ndogo ya kuvutia. Lori likawashwa, kijana akapiga resi. Wote tukaona kwa macho yetu vipuli vinapita, kimoja, viwili, halafu mfululizo kama soda iliyotikiswa. Meneja akatoa simu akapiga picha.

Nilidhani tumemaliza. Mzee akasema bado. "Hapo mmeona upepo. Ila mtu ataweza kusema dizeli yenyewe ndiyo chafu. Leteni dumu."

Kijana mmoja akauliza akanunue dizeli safi kituoni. Mzee akakataa kwa sauti. "Hapana! Ukileta dizeli nyingine gari ikipona hujui kilichoiponya. Chota kwenye tenki hilohilo."

Jamani, hiyo sentensi ndiyo imenifanya niandike leo.

Wakachota dizeli ileile ambayo kaka yangu aliitiwa mwizi. Wakaiweka kwenye dumu safi, wakalifunga dumu vizuri kwenye fremu ya lori, mpira mpya mfupi ukatoka kwenye dumu moja kwa moja hadi kwenye pampu ndogo. Njia yote ya zamani ya kutoka kwenye tenki ikarukwa. Wakatoa upepo, wakawasha. Vipuli vikaisha. Kaka akalipeleka kwenye kilima cha mtaani na mzigo wa mchanga juu, meneja kakaa pembeni yake. Lilipanda bila kushtuka hata mara moja. Likarudi, likapanda tena.

Mafuta ni yaleyale, pampu ileile iliyosemwa imekufa, nozo zilezile, dereva yuleyule. Kilichobadilika ni mpira tu.

Basi wakaufuata ule mpira wa zamani kuanzia tenki. Karibu na tenki, chini ya klipu, mdomo wa mpira ulikuwa umepasuka ufa mwembamba wa kama urefu wa ukucha. Mpira wa zamani unakakamaa. Aliyeuchomoa alitumia bisibisi kuung'oa, ukapasuka, akaurudisha hivyohivyo na kukaza klipu juu yake. Nje pakavu kabisa. Mpira mpya na klipu mbili, shilingi elfu kumi na tano. Mzee hakutaka hela ya kazi, kaka akampa kilo mbili za sukari na majani ya chai.

Sasa naomba mnisome vizuri. Siwasemi mafundi wote vibaya. Kupima nozo walipima sawa, pampu waliisafisha sawa. Tatizo ni kwamba kazi yao ilipoleta ugonjwa mpya, badala ya kurudi kwenye kile walichokishika, wakatafuta kitu cha bei kubwa zaidi cha kubadilisha. Na bosi badala ya kutafuta ugonjwa, akatafuta mtu. Mtu ni rahisi kumpata. Hakuhitaji spana wala dumu, alihitaji simu tu na intaneti.

Kama gari yako ya dizeli imetoka gereji na imeanza kumisi, uliza kwanza walifungua nini. Anza na vya bure: mfuniko wa tenki, raba ya filta, klipu, pampu ya mkono. Weka mpira unaoonesha ndani uangalie vipuli. Jaribu dumu, kwa mafuta yaleyale. Kwenye pampu za zamani fundi anaweza pia kulegeza nati za paipu za nozo moja moja likiwa linaunguruma, ile ambayo ukilegeza hakibadiliki kitu ndiyo silinda mgonjwa. Lakini magari mapya ya dizeli yenye mfumo wa kompyuta USITHUBUTU kulegeza paipu injini ikiwa inawaka, presha yake ni kubwa mara nyingi zaidi, inatoboa ngozi na kuingiza mafuta mwilini. Hilo ni la kukimbizwa hospitali hata kama unaona tundu dogo tu. Huko tumia mashine ya kupimia.

Najua mtauliza bosi alisema nini. Meneja alimpelekea picha na video zote. Siku mbili baadaye hela iliyokuwa imeshakatwa ilirudi kwenye simu ya kaka, yote, bila neno. Hakuna pole, hakuna "nilikosea". Ile posti ya sahani moja ipo mpaka leo, inaendelea kugongwa moyo.

Kaka alimaliza mwezi, akakabidhi funguo mwenyewe. Sasa hivi anaendesha lori la mchele kutoka Mbeya, mwenye mali ni mama mmoja mkali lakini anauliza kabla ya kulaumu. Kitonga anaishuka na mzigo, anaipanda akirudi. Kwenye boksi lake la spana ameongeza kipande cha mpira unaoonesha ndani, kama mita moja.

Haya wadau, nani amewahi kubadilishiwa pampu nzima kumbe ni mpira? Na nyie madereva, nani kawahi kuitwa mwizi kwa ugonjwa wa gari? Andikeni hapo chini, bila majina.